Safari Moja, Jibu Kamili: Mwongozo wa Uvimbe wa Ubongo kwa Familia za Uvira na Ufuko wa Tanganyika

Usiku, ukisimama ufukweni Uvira, taa za Bujumbura unaziona kwa macho. Ni karibu hivyo. Lakini muulize mtu aliyempeleka mzazi wake kupiga picha ya kichwa ng'ambo ile. Amevuka Kavimvira, amepita Gatumba, amelipa, amerudi na bahasha kubwa ya kaki. Daktari anaiinua picha dirishani, anaitazama, anasema: "Hii imepigwa bila dawa ya kung'arisha. Mtarudi." Au picha ipo, ripoti haipo. Safari ya kwanza hulipwa kwa michango ya ndugu na ya likelemba, chama cha kupeana pesa kwa zamu. Ya pili ndiyo inayouza kiwanja.

Mwongozo huu ni wa kukusaidia usirudi mara mbili. Hauwezi kukuambia una nini kichwani. Utakusaidia kujua lini kichwa kinachouma si cha kawaida, nani wa kumwona kwanza, nini cha kubeba, na maswali ya kuuliza kabla ya kutoa pesa.

KWA NINI KICHWA SI KAMA TUMBO

Uvimbe wa tumboni una mahali pa kunyooka. Fuvu ni sanduku la mfupa, na ndani yake vimo vitu vitatu tu: ubongo, damu, na maji yanayouzunguka ubongo. Kitu cha nne kikiingia, kingine lazima kibanwe. Ndiyo maana uvimbe usio saratani unaweza kuua ukiwa mahali pabaya, na uvimbe mkubwa unaweza kukaa miaka bila kelele ukiwa mahali pazuri. Watu wote huuliza, "Ni saratani?" Swali la kwanza la daktari wa upasuaji ni jingine: "Uko wapi?"

Hilo pia ndilo linaloeleza maumivu ya alfajiri. Mtu akilala chali, damu hushuka polepole kutoka kichwani. Akiwa usingizini hupumua kidogo, hewa chafu huongezeka kwenye damu, na mishipa ya ubongo hutanuka. Kama nafasi imeshabanwa, shinikizo hupanda. Anaamka saa kumi na moja kichwa kikipasuka, anatapika, na baada ya kukaa wima saa moja anapata nafuu. Jirani anasema ni nyongo.

KICHWA CHA KUTILIWA SHAKA

Vichwa vingi vinavyouma Uvira si uvimbe. Ni malaria, presha, macho, meno, kipandauso, njaa na mawazo. Usimtishe mtu kwa kichwa cha siku mbili.

Lakini kuna ugonjwa wetu mwingine: kila kichwa kuitwa "malaria na tifoide". Mgonjwa anapewa dawa, wiki mbili baadaye anarudi, anapewa tena. Shauri langu ni hili: kama amemaliza dawa za malaria mara mbili kama alivyoandikiwa na kichwa bado kinazidi, usikubali duru ya tatu bila kuchunguzwa upya.

┌ DALILI ZA KUKUPELEKA HOSPITALI WIKI HII
☐ Maumivu mapya yanayozidi wiki hadi wiki, makali zaidi alfajiri, ukikohoa au ukiinama
☐ Kutapika asubuhi bila kuumwa tumbo
☐ Kifafa cha kwanza kwa mtu mzima
☐ Mkono au mguu wa upande mmoja unaolegea polepole
☐ Kuona viwili, au kugonga milango na watu wa pembeni kwa sababu huwaoni
☐ Sikio moja tu linalopoteza usikivu na kuvuma
☐ Tabia kubadilika: mtu mpole amekuwa mkali, mfanyabiashara hajui tena kuhesabu chenji
☐ Mama anayetoka maziwa bila kunyonyesha na hedhi imekoma
☐ Mtoto anayeyumba akitembea, anayeinamisha kichwa upande mmoja, au mchanga ambaye kichwa kinakua kuliko mwili
└ LEO, SI WIKI HII: kusinzia kusiko kwa kawaida, kifafa kisichokoma, jicho moja lenye mboni kubwa kuliko jingine.

Kuhusu kulogwa na sumu: sitakuambia uache kuombewa. Nenda kwenye maombi, lakini muda una bei hapa. Neva ya jicho iliyobanwa ikikauka, hata upasuaji mzuri mara nyingi haurudishi macho. Anayekuambia mgonjwa aache dawa za kifafa ili imani yake ionekane anamweka kwenye hatari ambayo yeye mshauri hatabaki kuiuguza.

UCHUNGUZI WA DAKIKA TANO NYUMBANI

Hautoi jibu. Unampa daktari mahali pa kuanzia.

1. Anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja juu, afumbe macho. Hesabu hadi 20. Mkono mmoja ukishuka au kugeuka, andika upi.
2. Aonyeshe meno kama anayecheka. Tazama kama mdomo umevutwa upande mmoja.
3. Atembee hatua kumi kwenye mstari, kisigino kikigusa kidole cha mguu wa nyuma.
4. Kaa mbele yake. Afunike jicho moja, akutazame puani. Chezesha kidole chako pembeni, kushoto na kulia. Badilisha jicho. Asipoona pembeni, andika upande.
5. Mpe maneno matatu, tuseme ziwa, ndagala, kanisa. Baada ya dakika tano ayataje.

Rudia baada ya wiki. Kinachozidi ndicho kinachosema. Na kama anashikwa na kifafa au anayumba, mrekodi kwa simu. Video ya nusu dakika inamfaa daktari kuliko maelezo ya wajomba wanne.

*Akianguka kifafa:* mlaze ubavu, ondoa mawe na moto karibu naye, tazama saa. Usiweke kijiko mdomoni, usimmwagie maji, usimpandishe pikipiki akiwa bado anatikisika. Kikipita dakika tano, tafuta gari.

AINA, KWA KUTAZAMA ZINAKOKAA

Vitabu vina majina zaidi ya mia. Shirika la Afya Duniani huyapanga kwa daraja, 1 hadi 4, kutoka ule unaokua polepole hadi ule mkali. Wewe unahitaji machache.

*Kwenye utando unaofunika ubongo: meningioma.* Mwingi wake ni daraja la 1 na hukua kwa miaka. Huwapata wanawake kuliko wanaume. Hausagi ubongo, unausukuma. Ukitolewa wote, wengi hupona. Kwa hiyo mama wa miaka 50 aliyeambiwa ana "uvimbe mkubwa kichwani" asiandikiwe wosia kabla aina haijajulikana.

*Ndani ya ubongo wenyewe: glioma.* Hapa daraja ndilo kila kitu. La chini mtu huishi nalo miaka. La 4, glioblastoma, ni kali hata penye kila chombo: katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2005, nusu ya waliopata mionzi pamoja na dawa ya temozolomaidi waliishi zaidi ya miezi 14 na nusu, na waliopata mionzi peke yake miezi 12 hivi. Tarakimu hizo ziweke akilini. Utazihitaji utakapofika kwenye swali la kiwanja.

*Kwenye tezi ya pituitari, nyuma ya pua.* Hapa ndipo penye maziwa bila mtoto, hedhi kukoma, viganja na taya kukua, na macho kupoteza pembeni. Mama wa namna hii husingiziwa mengi na mke mwenza husingiziwa zaidi. Lakini aina inayotoa homoni ya maziwa, prolaktini, kwa kawaida hutibiwa kwa vidonge, bromokriptini au kabegolini, bila kisu. Dawa kadhaa za kuzuia kutapika na za akili nazo hupandisha homoni hiyo, kwa hiyo nenda na orodha ya dawa zako zote. Kipimo cha damu kitangulie mazungumzo yoyote ya kupasua.

*Kisogoni, kwa watoto.* Meduloblastoma na wenzake huziba njia ya maji ya ubongo: mtoto anatapika asubuhi, anayumba kama mlevi. Hii haingoji likizo.

*Uliotoka kwingine.* Saratani ya titi, mapafu, figo au ngozi hutuma mbegu kichwani. Mama aliyekatwa titi miaka mitatu iliyopita aseme hivyo hata asipoulizwa.

*Na usio uvimbe kabisa, ingawa picha inafanana.* Mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyokwama ubongoni, kifua kikuu cha ubongo, jipu, na toksoplasma kwa mwenye Ukimwi. Yote yapo ukanda huu, na mengi hutibika kwa dawa. Kwa sababu hiyo kipimo cha VVU si kuchunguzwa tabia. Kinaweza kumwokoa mtu asifunguliwe fuvu bure.

Neno la pembeni kuhusu taya. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari maelfu ya kilomita wakiutafuta, wakakuta unafuata nchi za chini, za joto na mvua, palepale malaria inapokaa. Ufuko wetu, mita 770 na kitu juu ya bahari, ni nchi ya namna hiyo. Si uvimbe wa ubongo, lakini huingia kwenye neva: jicho hutoka au hupinda, miguu hupooza. Hukua kwa siku, si kwa miezi, na dawa huuyeyusha vilevile upesi. Mtoto mwenye taya linalovimba na meno yanayolegea asipelekwe kung'olewa jino na kusubiri.

HATUA KWA HATUA: KABLA HUJAVUKA MPAKA

1. Fungua daftari. Tarehe dalili ilipoanza, imezidi vipi, dawa zote alizomeza, za kienyeji pamoja.

2. Maliza ya karibu. Presha, sukari, malaria, VVU, na figo, ambayo ni kreatinini. Yote hupatikana mjini, na kreatinini utaulizwa kabla ya kuchomwa dawa ya kung'arisha ya skana (picha ya CT).

3. Omba achunguliwe ndani ya macho. Hiki ndicho kipimo kinachosahauliwa zaidi, na labda ndicho cha bei nafuu kuliko vyote. Mfanyakazi wa macho mwenye oftalmoskopu huchungulia mahali neva inapoingia jichoni. Pakiwa pamevimba pande zote mbili, shinikizo limepanda kichwani na safari ni ya haraka. Pakiwa safi, bado uvimbe unaweza kuwapo, lakini aghalabu una siku chache za kujipanga.

4. Usilipie picha ya eksirei ya fuvu. Inaonyesha mfupa, haionyeshi ubongo. Kipimo cha mawimbi ya ubongo nacho ni cha kifafa, si cha kutafuta uvimbe.

5. Barua ya rufaa yenye nyama. "Anaumwa kichwa" si barua. Iandikwe: upande dhaifu, hali ya macho, kifafa, majibu ya vipimo, dawa, na swali lenyewe: "Tunatafuta uvimbe, tafadhali skana bila dawa na yenye dawa." Kifaransa kinatosha Bukavu na Bujumbura. Ukielekea Kigali, Dar es Salaam au Kampala, omba ukurasa mmoja wa Kiingereza. Na kule Tanzania usiseme unatafuta "muganga": kwetu ni daktari, kwao mganga kwa kawaida ni wa mizizi na hirizi.

6. Piga simu kwanza. Uliza mambo manne: mashine inafanya kazi leo? Dawa ya kung'arisha ipo? Ripoti hutoka siku ngapi? Jumla ni kiasi gani, pamoja na dawa? Mashine hufa. Mwaka 2016 mashine ya mionzi ya Kampala, iliyokuwa pekee kwa nchi nzima ya Uganda, iliharibika. Mpya ilizinduliwa Januari 2018. Waliosafiri bila kuuliza walikuta mlango.

7. Njia. Vita vimewahi kufunga barabara ya Kamanyola na mpaka wa Kavimvira bila kuaga. Uwe na njia ya pili, na mtu wa kukueleza hali ya asubuhi ileile. Mgonjwa asafiri kichwa kikiwa juu, kama aliyeegemea mito miwili, wala asilazwe chali nyuma ya gari.

┌ MFUKO WA SAFARI
☐ Barua ya rufaa na nakala yake
☐ Vitambulisho na hati za mpaka, jina likiandikwa sawasawa kwenye kila karatasi
☐ Majibu yote ya vipimo, hata ya zamani
☐ Dawa za siku kumi, katika pakiti zake
☐ Daftari, na video kwenye simu
☐ Ndugu wawili wenye afya: mmoja wa kusikiliza daktari, mwingine wa kutoa damu ikihitajika
└

SKANA AU IRM?

Skana ni ya haraka, dakika chache, na inatosha kuanzia. IRM (MRI kwa Kiingereza) huchukua nusu saa au zaidi, ina kelele, na inaona vizuri zaidi, hasa kisogoni na kwenye pituitari. Kama pesa ni ya kimoja, daktari anayekutuma ndiye aseme kipi.

⚠ IRM ni sumaku. Mwenye kipande cha risasi au cha bomu mwilini lazima aseme kabla ya kuingia. Huku kwetu wengi wanavyo na wengine wameshavisahau. Hata cha mguuni kitaje. Mchomeleaji aliyewahi kurukiwa na chuma jichoni naye aseme. Kwa skana, aseme mwenye mimba, mwenye figo mbovu, anayetumia metifomini, na aliyewahi kuvimba baada ya dawa ya kung'arisha.

⚠ Kutobolewa mgongo. Ni kipimo kizuri cha homa ya uti wa mgongo. Lakini shinikizo la kichwa likiwa juu, kuyatoa maji chini kunaweza kuuvuta ubongo ushuke. Kabla ya sindano, mwambie daktari habari za kutapika alfajiri na upande uliolegea.

Usiondoke bila vitu vitatu: filamu, ripoti yenye sahihi, na CD. CD ndiyo daktari wa mbali anayoweza kuifungua bila wewe kusafiri tena.

┌ MANENO MANNE YA KIFARANSA KWENYE RIPOTI
*Processus expansif*: kuna kitu kinachochukua nafasi. Haimaanishi saratani.
*Prise de contraste*: kimenyonya dawa ya kung'arisha. Uvimbe hufanya hivyo, jipu nalo pia.
*Hydrocéphalie*: maji yamejaa. Haraka.
*Engagement*: ubongo unasukumwa kwenye tundu. Usirudi nyumbani, ingia hospitali palepale.
└

MATIBABU: NANI ANAFANYA NINI

*Deksamethasoni* hupunguza maji yanayozunguka uvimbe. Kwa siku moja au mbili mgonjwa anaweza kuinuka, akala, akacheka, na familia ikashukuru na kuahirisha safari. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote niliyoyataja. Uvimbe uko palepale. Umepewa muda tu, utumie. Dawa hiyo hupandisha sukari, huchoma tumbo, huamsha kifua kikuu kilicholala, na ikitumiwa wiki kadhaa haiachwi ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maagizo.

*Dawa za kifafa* ni za wenye kifafa. Karbamazepini, fenitoini na fenobarbitali hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi na za dolutegravir ya VVU. Anayetumia hivyo amwambie daktari. Valproeti si ya msichana wala mama anayeweza kushika mimba, ila daktari akiwa hana njia nyingine.

*Upasuaji* una makusudi matatu, na si lazima yote: kuutoa uvimbe, kuchukua kinyama cha kupima, au kuyafungulia maji njia. Mtoto mwenye maji kichwani huwekewa mpira wa kuyashusha tumboni, au hutobolewa njia ndani ya ubongo bila mpira. Hospitali ya watoto ya CURE, Mbale, Uganda, ndiko Benjamin Warf alikoiendeleza njia hiyo ya pili kwa watoto wachanga wa Afrika, akijua kwamba mpira ukiziba kijijini hakuna wa kuuzibua. Mwenye mpira akianza tena kutapika na kusinzia, mpira ndio wa kushukiwa kwanza, kabla ya malaria.

Swali ambalo ni lazima uulize siku ya upasuaji: "Kinyama kimepelekwa wapi, na jibu linatoka lini?" Bila jibu hilo hakuna anayejua daraja, na mionzi haiwezi kupangwa. Ukikabidhiwa kichupa ukipeleke maabara mwenyewe, kiwe kwenye fomalini, si maji wala spiriti, kiwe na jina na tarehe, kifuniko kimekaza. Baadaye omba kile kipande cha nta walichokihifadhia. Kinaweza kupimwa tena nchi nyingine.

*Mionzi* ya uvimbe mkali huwa mara 30 hivi, siku tano kwa wiki, wiki sita. Gharama inayowavunja watu mara nyingi ni chumba na chakula cha wiki sita ugenini. Kigali inayo katika hospitali ya jeshi ya Kanombe tangu 2019; Tanzania inayo Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Kwa upasuaji wa ubongo, Dar es Salaam ina taasisi ya MOI, ndani ya eneo la Muhimbili.

KABLA YA KUUZA KIWANJA

Mkalishe daktari, muulize kwa maneno haya haya:

1. Matibabu haya ni ya kuponya, ya kurefusha siku, au ya kupunguza maumivu?
2. Tusipofanya kitu, nini kitatokea, na kwa muda gani?
3. Baada ya upasuaji ataweza kusema, kutembea, kuona?
4. Kuna hatua ya pili? Inafanyika wapi, na ni wiki ngapi?

Jibu likiwa "kupunguza maumivu", hiyo nayo ni tiba, na sehemu kubwa inaweza kufanyika Uvira: deksamethasoni, dawa ya kifafa, dawa ya maumivu ya kutosha, kichwa juu ya mito, kumgeuza kila saa chache asipate vidonda. Familia iliyobaki nyumbani na mama yao badala ya kumbeba hadi nchi ya tatu haikumtupa. Wajomba watasema. Waonyeshe daftari.

MKIRUDI

Andika tarehe ya skana inayofuata kwenye daftari na kwenye simu za watu wawili. Piga picha ya kila ukurasa wa ripoti. Filamu isikunjwe wala isikae juani kwenye bati. Ifunge katika mfuko wa plastiki na uiweke juu ya kabati, si chini ya kitanda: Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika, maji hayakubisha hodi.